Waya Nilioufunga kwa Kamba ya Mgomba

Nakiri mbele yenu, wasomaji, jambo nililomtendea jirani yangu Mwakalinga, mchomeleaji wa mageti hapa Makandana.

Studio yangu ya video za harusi ilipata kompyuta ya mtumba. Niliichomekea mwenyewe kadi tatu za picha, kila moja na skrini yake. Lakini nikiwasha skrini zote, kompyuta inazimika. Nikachukua daftari, nikaandika saa ya kila kuzimika. Karibu kila mara, cheche za Mwakalinga zilikuwa zinaruka. Nikamshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba ananinyang'anya umeme.

"Mwakalinga, zima mashine mpaka fundi aje," mwenyekiti akaamua.

"Watoto wale nini, Mwenyekiti?"

Siku ya tatu fundi akafika kutoka Mbeya. Mwakalinga alisimama mlangoni, mikono mitupu. Mbele ya wote nikawasha skrini tatu kwa majivuno. Moshi ukafuka.

Fundi akafungua kasha. "Kadi zote zinanyonya umeme kupitia bodi hii, na bodi imeungua. Kuna waya wa kuiongezea nguvu. Uko wapi?"

Akaukuta pembeni, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba ya mgomba, na kikaratasi chenye mwandiko wangu. Mwenyekiti akakisoma kwa sauti: "Waya wa ziada. Hauna kazi."

"Ugwe! Wewe!" Mwakalinga akashika kiuno. "Jirani, lete daftari. Andika na saa hii."