Guyo Alichinjiwa Ngamia Kabla Hajamaliza Dawa

Nimeandika na kufuta hapa tangu wanaume warudi kutoka makaburini. Guyo wetu wa timu ya chanjo ya mifugo hayuko. Masikio yamesikia, moyo umekataa kabisa.

Wengi mlimjua kwa sauti. Tukifika kijijini Sericho na cooler box zetu za chanjo, mimi bado natafuta kiatu kwa gari, yeye ameshasalimia boma zima na kupewa chai. Wazee wakinitazama na kumuuliza huyu Mmeru ni nani, anawaambia, "Huyu ni boss." Na mimi si boss wa mtu!

Halafu akatokwa na uvimbe shingoni. Majibu yakasema lymphoma, saratani ya tezi. Ofisi nzima tulilia, na mgonjwa ndiye akatunyamazisha: "Daktari amesema aina yangu hutibika, bora nimalize chemo zote, zile dawa za drip. Sasa mnalilia nini?"

Na ilikuwa inatibika, jamani! Nywele ziliisha, akatapika njia nzima ya kutoka Nairobi, lakini uvimbe ukayeyuka.

Mama yake aliipapasa ile shingo akapiga vigelegele. Ndugu wakajaa kwao Garbatulla. Ngamia akachinjwa, wazee wakamwombea, tukala tukashiba. Chemo mbili zilikuwa zimebaki.

Hapo ndipo alifungwa. Hakufungwa na mtu mbaya, alifungwa na furaha ya watu wake.

Siku ya kwenda Nairobi kwa chemo ilipofika nilimpigia simu. "Makena, hii maneno ni ngumu," akaniambia. "Ngamia imeshachinjwa. Nikirudi kwa drip si ni kama nasema dua haikushika? Mama nitamwambia aje?"

"Si ni wewe hugombeza wachungaji wakiacha dawa ati kwa sababu mbuzi imesimama?"

Alicheka sana. "Lakini mbuzi haifanyiwi sherehe, Makena."

Akasema ngoja Idi ipite. Idi ikapita. Akasema ngoja wageni waishe. Wageni wa Guyo wangeisha lini?

Uvimbe uliporudi alianza kujifunga shali shingoni, na jua la huku mnalijua. Kila nikienda namkuta ameketi katikati ya watu wanaompongeza. "Alhamdulillahi, niko fiti." Huku ananitazama juu ya kikombe, ananiomba ninyamaze. Nikisema, ninamwaibisha mbele ya mama yake. Nikinyamaza, ninamuona akiisha. Nilikuwa naenda nyumbani nimekasirika, sijui hata nimkasirikie nani.

Aliporudi hospitali hatimaye, aliambiwa sasa inahitajika dawa kali zaidi, na matumaini yamepungua. Mwili haukuziweza.

Leo uani kwao, mama yake amenishika mkono. "Makena, mwanangu, kwani hakuwa amepona?"

Nikamkumbatia tu.

Nawaomba kitu kimoja. Mkiwa na mgonjwa nyumbani na mnaona nafuu, furahini naye, chinjeni, ombeni. Lakini muulizeni dawa imebaki ngapi, na mumsindikize akaimalize, hata kama anawaambia yuko mzima.

Guyo, ndugu yangu, kazi ya kutuonyesha kwamba umepona imeisha. Huko hata ukisema unaumwa, hakuna atakayevunjika moyo. Lala salama.