Yule Niliyemwamkia Kengeja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya Chake Chake hakunionesha dawa wala kitanda. Alinikalisha mbele ya meza yake, akanipa daftari tupu na kuniambia, "Bi Raya, kwa mgonjwa wetu hubishi wala hukubali. Unauliza, kisha unanyamaza." Lo, kazi gani hii! Mimi tena, niliyezaliwa na mdomo!

Kazi yenyewe tukiiita tiba ya mazungumzo. Ilikuwa kwa vijana ambao ndo kwanza wameanza kusikia au kuona vitu ambavyo wenzao hawavisikii wala hawavioni, kabla maradhi hayajakomaa. Vidonge walipewa, lakini pia tulikaa nao kila wiki, nyumbani kwao. Maelekezo yaliyotoka ng'ambo yalitaka mgonjwa akae peke yake na mtaalamu, mlango umefungwa. Mkuu aliyakata kwa kalamu nyekundu. "Pemba hii, ukimfungia mlango mtoto wa watu, nani atakuelewa?"

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi, nyinyi wadogo hamuijui. Watu walinuniana kwa ajili ya chama hadi ndugu kwa ndugu hawaamkiani. Ukiingia nyumba ya watu na daftari, wanadhani unaandikisha wapiga kura. Kwa hiyo Mkuu alitoa amri: tuingiapo nyumba yoyote, tumwamkie kila aliyemo, bila kuchagua. Nikaizoea amri ile hata maamkizi yakawa yananitoka bila ya kufikiri. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kombo wa Kengeja alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimwona na kumsikia mwanamme mmoja akimsemesha, mtu wa makamo, miaka arubaini hivi, asiye na jina. Wiki tatu tulizungumza vizuri. Alishaanza kuniambia, "Bi Raya, labda ni kichwa changu tu." Kwa kazi yetu neno hilo ni kubwa, maana mgonjwa ameanza kuitilia shaka ile sauti.

Wiki ya nne niliingia adhuhuri, jua kali, nyumba kimya, hata kuku hawasikiki. Kombo alikuwa mkekani na mamake. Nikamwamkia mama, nikamsalimu Kombo. Mara Kombo akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akawa anaitazama. Nami, kwa mazoea yale yale, nikaigeukia nafasi ile tupu nikasema, "Shikamoo."

Nilipojisikia mwenyewe, nikaziba mdomo kwa daftari.

Kombo akatabasamu. Sijapata kuona tabasamu la furaha namna ile, na mpaka leo nikilikumbuka naogopa. "Anasema marahaba, mwanangu. Kumbe na wewe wamwona!"

"Simwoni, Kombo."

"Sasa umemwamkia nani?"

Mamake akavuta kanga yake, akasogea ukutani, mbali na ile nafasi.

Tangu siku ile Kombo hakula. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza kunawa na kutia mkono sahanini, wadogo wakafuata. Sasa, kwa shikamoo yangu, mkubwa wa nyumba alikuwa yule, na yule, kwa maneno ya Kombo, hajanawa. Kijana hukaa mbele ya sahani ya muhogo mpaka ukapoa, macho kwenye nafasi tupu, anamngoja. Vidonge navyo hivyo hivyo. Maji alikunywa kwa kubembelezwa. Siku ya tatu hata kusimama alishikwa.

Nilimwendea Mkuu nikamweleza yote. Akavua miwani. "Umempa cheo, Bi Raya."

"Tumlete hospitali?"

"Kwa gari ya serikali, wiki hii ya kampeni? Watasema kakamatwa, na Kengeja haitalala. Cheo umempa wewe, nenda ukamtafutie mkubwa wake. Kesho jioni kama hajala, nitakuja kumchukua mwenyewe, liwalo na liwe."

Nilirudi huku nalia, nasema kweli. Mtoto huyu akifa, nimemuua mimi kwa neno moja. Nikamwuliza mama, mkubwa wenu ni nani? Akasema ni Bi Mize, bibi yake Kombo, yuko Wambaa kwa mwanawe. Tukamfuata asubuhi yake.

Bi Mize alikuja na bakora yake, mfupi, mkali kama pilipili. Nikamweleza kosa langu. Akaniangalia toka juu hadi chini. "Wamwamkia mtu hujui kazaliwa lini? Umesomea nini wewe?" Akaingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye ile nafasi, akakaa.

Kombo akapiga ukelele. "Bibi! Umemkalia!"

"Na asogee. Mwulize, mimi naolewa yeye alikuwa wapi?"

Kombo akainamisha kichwa, anasikiliza. Mungu anisamehe, hata mimi nilitega sikio. Kisha Kombo akasema polepole, "Anasema... shikamoo."

"Marahaba. Mwambie mkubwa ni mimi, nami nshanawa." Akamega muhogo, akatafuna, Kombo anamtazama mpaka akameza. Kisha naye akanyoosha mkono.

Bi Mize alikaa nasi kila kikao tangu siku hiyo, na vidonge vikarudi. Mkuu aliandika utaratibu mpya: kabla ya yote, muulize mkubwa wa nyumba, naye awepo. Baadaye nilihamishiwa Wete, nikarudi Chake kama Muuguzi Msimamizi, nikafundisha wengi. Kosa langu sikuwaficha.

Sasa nimestaafu, nakaa Tibirinzi. Watu huniuliza kama naamini alikuwapo mtu pale. Siamini. Lakini popote niingiapo, simwamkii mtu mpaka nimeuona uso wake.

Bi Mize alipofariki nilimhofia sana Kombo. Nani tena atakuwa mkubwa wa yule? Mwezi uliopita Kombo alikuja kunitazama, mtu mzima, kichwa kimeingia mvi. Nikamwuliza habari za yule.

"Yupo, lakini kwa mbali. Hakui, Bi Raya. Yu vile vile, arubaini. Mimi nshampita." Akacheka kidogo. "Juzi kaniamkia."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwitikia marahaba. Nikamwuliza kama keshakula."

"Akasema?"

"Kasema bado. Ati miaka yote hii ananingoja mimi, mkubwa wake, ninawe kwanza."