Mama kachagua gari Isansa

Leo ubishi umeisha, tena mbele ya kanisa zima la Isansa!

Shemeji yangu, mume wa dada, ana Subaru aliyoikata springi mwenyewe ili ilale chini. Mimi nina Starlet ya turbo. Wiki nzima ananicheka: "Shem, hako ni ka kwendea sokoni tu."

Baada ya ibada Mama akapanda ya mkwewe. Tuta la kwanza tu, tumbo la gari likakaa juu ya tuta. Kwaya nzima inaangalia!

Mama akashuka taratibu na jogoo aliyemnunua kwenye mnada wa kanisa, akamwambia mkwewe:

"Lina mbio, baba, ila ndani mtu anakaa chini kama yuko msibani."

Akahamia kwangu. Matuta yote tukapita.

Tulipoingia lami ya Tunduma, akanigusa bega: "Sasa kanyaga, tuone."

Nikakanyaga.

Shemeji, ukiisoma hii, gonga laiki tu. Maneno tuachie sisi.