Hina Niliyopaka Juu ya Alama

Mimi kwa maneno sijambo. Hapa Konde wananiita redio, na si uongo. Ukija barazani kwangu kupakwa hina ya Idi, utaondoka na maua mikononi na habari zote kutoka Shumba mpaka Tumbe.

Mwaka mmoja alikuja msichana wa miaka tisa hivi, jirani yangu, analelewa na ami yake. Alitaka vidole tu. Nikamtania kwamba vidole tu ni hina ya vizee, nikamkunjia mkono wa gauni. Redio ikazimika. Mkono mzima una alama za waya, nyingine zimepona, nyingine mbichi.

Akasema ameanguka. Kisha kwa sauti ndogo, "Usimwambie mtu, Bi."

Huku kwetu tumelelewa kusitiri. Aibu ya nyumba ya mtu huizungumzi. Basi nami nikasitiri, tena kwa ufundi. Nikachora maua makubwa na majani mpaka kiwikoni, alama zisionekane. Hina kwenye kidonda inachoma, na yule mtoto hakusema hata ah. Nilipomaliza nikajiona nimetenda wema, mjinga mimi.

Siku ya Idi nikamwona anapita na ami yake, kamshika mkono ule ule, watu wanasifia maua. Pilau ilinishinda. Kumbe nimemfichia yule bwana aliyoyafanya, tena kwa hina yangu mwenyewe.

Asubuhi ya pili nikavaa buibui langu, huyo kwa sheha, mkubwa wa mtaa wetu, naye akanifikisha polisi kwenye dawati la watoto. Nikaeleza yote. Mtoto akapelekwa kwa daktari, nami nikafuatana naye. Daktari akautazama ule mkono, akauliza, "Nani kampaka hina juu ya vidonda?"

"Mimi," nikasema. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Ami alikamatwa, mtoto akahamia kwa bibi yake Tumbe. Wako majirani hawanisalimu mpaka leo. Wasinisalimu, salamu zao nitafanyia nini?

Idi iliyofuata alikuja na bibi yake. Hata hajakaa vizuri, akakunja mkono wa gauni mwenyewe, akaniwekea kidole kwenye kiwiko.

"Mpaka hapa, Bi. Lakini alama usizifiche."

Nikachora nikizizunguka moja moja, machozi yananitoka, na maua yakatoka kombo.