Gonzag na Mnazi wa Kwenye Sarafu

Shemeji yangu Gonzag Labiche ni mbishi, na hapo nimejizuia. Miaka thelathini na moja tumeishi ua kwa ua hapa kisiwani Praslin, Shelisheli, mimi na yeye na marehemu dada yangu Odil, mkewe, na sijawahi kumsikia akikiri kwamba alikosea.

Alipozaliwa binti yao, Flavi, walipata nazi mbili za kokodmer, ule mnazi wa kwetu wenye nazi kubwa kuliko zote duniani, wampandie, kama tunavyowapandia watoto wetu. Mwenye akili hupanda zote mbili. Kokodmer kuna dume na kuna jike, na hujui umepata nini mpaka mti utoe maua, miaka ishirini na mitano, thelathini huko. Jike lisipokuwa na dume karibu halizai. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, na Odil alimwambia.

Gonzag akatoa sarafu mfukoni, akatuonyesha upande wenye nembo ya taifa: mnazi mmoja umesimama peke yake, kobe chini. Akasema nchi nzima imetosheka na mmoja, yeye nani apande msitu? Nilitamani kumpiga na ile nazi. Akapanda moja, ya pili akamwambia Odil akaiuze, na hakuiulizia tena.

Kila mwaka Odil alikuwa akisema anataka jambo moja tu, kuona nazi ya mti wa Flavi. Alifariki mti una miaka ishirini na sita, haujatoa hata ua.

Mimi nami nina kokodmer wangu, upande wangu wa ukuta. Ulitoa maua miaka mitatu iliyopita, jike, lakini maua yalikauka tu, maana chini ya kilima chetu hapakuwa na dume. Gonzag alifurahi mpaka akaniudhi. Kila asubuhi akipita lazima aniulize kama kobe wangu, mfano wa yule wa kwenye sarafu, ameshiba kivuli, maana mti wangu hauna kingine. Nilinyamaza. Nilikuwa nimemwahidi Odil kunyamaza.

Wiki iliyopita mti wake nao ukachanua. Likatoka lile limkia la kahawia, refu kama mkono wa mtu, limejaa vijiua vya manjano. Dume. Dukani wanaume walimwambia amelea mwanamume mwenzake miaka yote hiyo, sasa amtafutie kazi. Hakucheka. Siku mbili hakufungua mlango, na mimi, nasema kweli, nilimwonea huruma kidogo.

Jumapili, tumetoka kanisani, nikamwona na shoka. Kibali cha kukata hana, suruali ya misa hajavua, na tayari ameshapiga pigo moja kwenye shina. Nilivuka ukuta kwa umri wangu huu, nikachana gauni.

"Ondoka hapo, shemeji," akasema. "Odil alitaka nazi. Hili limenidanganya miaka thelathini na moja."

"Limekudanganya lini? Ulidanganywa na kichwa chako."

Akainua shoka tena. Ahadi au si ahadi, nikaona basi. Nikamwambia ile nazi ya pili haikuuzwa. Odil aliileta kwangu siku ileile, akachimba shimo mwenyewe, siku tisa tu tangu ajifungue, akaniapisha nisiseme, kwa sababu alijua Gonzag akisikia ataing'oa. Akasema moja ikiwa dume, nyingine huenda ikawa jike, na zikae karibu.

Gonzag akautazama mti wangu, ule aliouita mgumba miaka mitatu. Shoka akaliegemeza ukutani.

"Alikuwa anakuja kuumwagilia," akasema. "Mimi nikadhani anakuja kunisengenya."

"Alikuwa anakusengenya pia."

Alikaa chini na suruali yake ya misa, akalia bila kujificha. Kisha akaleta ngazi, akakata kipande cha lile limkia, na sisi wawili tukaenda kuyapaka maua ya mti wa Odil chavua, moja moja, huku tukigombana nani ashike ngazi.

Aliposhuka alikuwa na unga wa manjano mpaka kwenye nyusi.

"Mpaka ikomae ni miaka saba, Nwelin," akasema. "Nina sabini na sita."

"Basi usife," nikamwambia. "Mwenzio alisubiri ishirini na sita."