Ummulkheir na Hema la Jirani

Ummulkheir wa Majengo hajui kukaa bure. Amekaanga mahamri mlangoni pake tangu Jannat, bintiye wa pekee, hajaota meno, na hata siku ya Idi utamkuta ameshika ufagio anawinda taka ambazo hazipo. Sasa mtu wa namna hiyo, nani alimtuma Jannat ampeleke msituni akapumzike?

Jannat alikuwa na lake. Alitaka mama yake ahame Majengo, waishi pamoja kwake Komarock, ndani ya geti, mahali pa kimya. Mama alikuwa ameahidi kutoa jibu wikendi hiyo. Basi wakaenda kambi moja upande wa Limuru, ili mama aonjeshwe utulivu kwanza.

Gari liliachwa langoni, maana humo msituni magari hayaingii, na mizigo yao ikasukumwa kwa mkokoteni. Hema lenyewe lilikuwa na kitanda cha mbao, zulia na bafu la maji moto. Ummulkheir alilikagua kama anayetafuta kunguni. Asubuhi iliyofuata alitandika kitanda, akakitandua, akakitandika upya. Akatoka nje, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Mama, tulia bana. Huku ni kuchill tu."

"Nimetulia mpaka naumwa."

Kilichomkera zaidi ni hema la jirani. Jana jioni alimwona msichana akiingia humo peke yake. Sasa jua limepanda, zipu bado imefungwa, hakuna kikohozi wala mlio wa kijiko. Kwao Majengo, mlango usiofunguka mpaka saa nne haupitwi hivihivi. Unapiga hodi, na usipoitikiwa unaingia, aibu mtaiona baadaye. Jannat alipokwenda kuoga, mama alijitanda leso, akavuka majani.

"Hodi," aliita. "Hodi humu, mwanangu."

Kimya. Akafungua zipu.

Msichana, Kate jina lake, alikuwa amelala kifudifudi, masikio kayaziba kwa muziki. Alipoguswa bega aliruka, akapiga ukelele uliosikika kambi nzima. Muriuki, msimamizi wa pale, alifika mbio.

"Nimekuja huku nisisumbuliwe na mtu," Kate alisema. "Nani huyu ananifungulia tenti?"

"Nilidhani umezidiwa, mwanangu. Niwie radhi."

"Mama," Muriuki alisema kwa upole, "huku mtu akijifungia tunamwacha."

Jannat alikuja na povu sikioni, uso umemshuka kwa haya. Alimshika mama mkono mpaka hemani kwao.

"Mama, kwani lazima uingilie watu? Huku kila mtu na mambo yake. Hata Komarock ni hivyo, majirani hawakusumbui. Utazoea."

Hiyo "utazoea" ndiyo iliyomchoma. Ummulkheir aliacha kuhangaika na mto aliokuwa akiukung'uta.

"Wewe unatoka alfajiri, unarudi giza limeingia. Nisipofungua mlango, nani atapiga hodi?"

"Lakini uko sawa, Mama. Si dawa za sukari unameza?"

"Mwezi wa Rajabu sukari ilinishuka, nikaanguka nyuma ya mlango. Fatu wa chumba cha pili aliona karai langu la mahamri halijatoka nje. Akaita, sikujibu. Akaleta vijana wakang'oa bawaba, akaninywesha uji wa sukari kwa kijiko mpaka nikamtambua. Fatu huyohuyo unayesema ana udaku."

Jannat aliketi kitandani. Bawaba mpya alikuwa ameziona. Mama alimwambia zile za zamani zimeliwa na kutu, naye akaamini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenihamisha siku hiyohiyo."

Hasira ilikuwa imemtoka yote, hofu ndiyo iliyobaki, na hakuificha. Alifuta machozi kwa kiganja, akachukua simu yake.

"Nipe namba ya Fatu," alisema. "Siku karai lako lisipotoka nje, anipigie na mimi."