Baba na Padi za Kusugulia Mihuri

Padi zetu za kusugulia mihuri ni mbili, na zote zinaingia katika kisanduku kimoja cha plastiki, kama kile mutoto wa shule anabebea chakula. Juu zina nywele fupi, ngumu kidogo, zimesongamana kama zulia. Moja tunailowesha maji, ingine inakaa kavu. Ukimaliza kupiga muhuri wa mupira juu ya kitambaa, unausugua kwenye ile ya maji, wino unatoka, kisha unaupapasa kwenye ile kavu, na muhuri uko tayari kwa rangi ingine. Basi. Mutu akisikia hivyo anasema ni muchezo wa watoto. Mimi pia nilisema hivyo, na nusura nimupoteze baba kwa ajili ya zile padi.

Baba alikuwa muchongaji. Kule ngambo, upande wa Congo, alichonga kashe, ile mihuri ya maofisi, miaka mingi, na alipovuka ziwa kwa bwato na wale wengine waliokimbia, alivuka na mufuko mumoja wa nguo na kisu chake cha kazi ndani ya soksi. Walimupeleka Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa huku Nchelenge, upande huu wa ziwa, kwa hiyo baadaye nilimuleta nyumbani, tukamujengea kanyumba kadogo nyuma ya yetu, karibu na maji.

Sasa, kukaa kwa binti ni sawa. Kula chakula cha mukwe ndiyo shida. Bwana yangu ni mutu muzuri, ananunua samaki Mununga na kisiwani Kilwa, humu ziwani mwetu, siku nyingi hayuko hata nyumbani, na hajawahi kumuhesabia baba kijiko kimoja. Lakini baba ni baba. Siku ya tatu asubuhi, ya tatu kweli, nilimukuta amesimama mulangoni mwangu, amevaa viatu. Akasema, "Mama, mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Jembe yangu iko wapi?" Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilikuwa na kazi ya mihuri tayari. Muzungu mumoja, mama muzee, alikuwa ametufundisha wanawake kazi za mikono, na aliporudi kwao aliniachia wino na zile padi mbili. Nilichokosa ni mihuri yenyewe, kwa sababu ile yake ilikuwa ya mauwa ya kizungu, na mutu wa hapa hataki meza yake ijae mauwa asiyoyajua. Nikamupa baba soli za viatu vya zamani na vipande vya matairi. Mama weee! Akanitolea samaki, jembe, ndege mwenye shingo ndefu, na jani la sombe, lile la muhogo, lenye vidole saba, na ndani ya kila kidole mishipa myembamba kama uzi. Vitambaa vya meza vilianza kutoka nyumbani kwetu kwenda mpaka mbele ya Kashikishi. Baba alikula chakula chake akiwa ameinua kichwa.

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Kwanza asubuhi tu, kisha muchana kutwa. Siku moja kisu kiliteleza kikapita katikati ya ndege. Alimutazama yule ndege, akarudisha kisu kwenye mukebe, akasema, "Bon. Njo imeisha."

Tangu hapo akawa anaenda kila asubuhi kuangalia mabwato. Hakunificha neno. "Siku sina kazi, sitakula ya mukwe. Nitarudi ngambo." Nilimuuliza atarudi kwa nani. Nyumba yake ilichomwa, mama yangu tulimuzika, ndugu yake wa mwisho alikufa. Akajibu, "Kwa nani, kwa nani! Nitarudi." Huyu si mutu wa maneno ya bure. Nilimujua. Nilikuwa na hofu kweli, ile hofu ya kuamka na kwenda kuangalia kwanza kama koti lake bado liko kwenye musumari.

Ndiyo nikamudanganya. Nilimupelekea kile kisanduku, nikasema, "Papa, hizi padi zinanishinda. Zinachafuka, sina wakati, nisaidie kuziosha." Nikamufundisha namna yule muzungu alinifundisha: maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, kidogo tu, usikamue, kausha kivulini, uso chini ili maji yachuruzike. Alisikiliza mpaka mwisho kama mutu anayepewa kazi ya serikali.

Na aliifanya, aka! Aliniudhi kwa ajili ya padi zile. Nikitumia wino mweusi alikuja kusimama nyuma yangu. "Nyeusi peke yake, upande huu. Usichanganye." Alitafuta mswaki wa zamani, akawa anachana zile nywele upande mumoja tu, polepole, akitoa nyuzi za kitambaa zilizonasa. Aliziloweka, akazikandamiza kwa kiganja, akamwaga, akaloweka tena, mpaka maji yakawa ya kunywa. Fundi mumoja wa pikipiki alimuambia atumie petroli, wino utaruka wote. Baba alimujibu, "Petroli inavimbisha mupira. Weye osha pikipiki yako." Kabla ya kunirudishia alizinusa, vile mama mununuzi ananusa samaki sokoni. Mikono ya kutetemeka haisumbui padi. Alikula vizuri. Nikaacha kuangalia lile koti.

Mutego ulikuwa kwenye maneno yangu mwenyewe, lakini sikuuona. Bombani kuna foleni, kwa hiyo baba alikuwa anaoshea padi ziwani. Na ziwani kuna meza gani? Kwetu muchanga ndiyo meza. Chisense, wale samaki wadogo, tunawaanika juu ya muchanga, nguo juu ya muchanga, muhogo hivyohivyo, na unakung'uta unaingiza nyumbani. Nilimuambia uso chini. Akalaza uso chini.

Wamama wa kanisa moja la hapa walikuwa wameagiza vitambaa vya meza kwa ajili ya sikukuu yao, majani ya sombe kuzunguka ukingo wote. Mukubwa wao alikuja kuona kitambaa cha kwanza. Ni Mubemba, Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini macho yake hayana shida ya lugha. Alikikunjua juu ya magoti.

"Ici cinshi? Hii ni nini?"

"Ni jani ya sombe, mama."

"Awe!" Akacheka, akapiga paja. "Hii ni muguu ya bata!"

Nikaangalia. Kweli. Vidole saba viko, mishipa hakuna. Bata mwenye vidole saba amepita juu ya kitambaa cha kanisa. Nikachukua ule muhuri, nikapitisha kidole: laini kama kisigino kilichosuguliwa. Nikachukua padi, nikapitisha kidole: karr. Muchanga, umejaa mpaka kwenye mizizi ya zile nywele, na katikati gamba moja la samaki linang'aa. Wiki nyingi nimekuwa nasugua mihuri ya baba kwa muchanga, mikono yangu mwenyewe.

Mimi nina mudomo. Nilizaliwa nao, na bwana yangu anasema alinioa akijua. Nilimuita baba kwa sauti, yule mama akiwa bado amekaa pale.

"Papa, hii padi uliikaushia wapi?"

"Ku muchanga. Uso chini, vile ulisema."

"Ku muchanga! Hata mutoto wa kunyonya anajua muchanga unakula mupira! Ona jani! Nani atachonga ingine sasa? Weye?"

Hapo ningenyamaza bado tungepona. Sikunyamaza. "Acha padi zangu. Kaa tu, Papa. Pumzika."

Mutu aliyechonga kashe za maofisi, unamuambia mbele ya mugeni apumzike. Yule mama wa kanisa aliacha kucheka, akaanza kukunja kitambaa chake. Baba aliweka kisanduku chini taratibu sana, ili mikono isikigongeshe.

"Ndiyo, madame," akasema.

Hakuniita mama tena. Wiki nzima ilikuwa madame. Madame, nashukuru kwa chakula, na sahani inarudi nusu. Ule mufuko wake mukubwa wa mistari, ule aliovuka nao, ukatoka chini ya kitanda ukaning'inia nyuma ya mulango, umevimba. Koti juu yake. Kijana wa bwato aliniambia pale bandarini, bila kujua ananichoma, "Muzee wako aliniuliza nafasi ya siku ya tano ya wiki. Anasema anarudi kwao." Nilijibu nimesikia. Sikwenda kumuomba baba msamaha. Nilijiambia kosa ni lake, muhuri umekufa kweli, nani hataki kukasirika? Nilikuwa na haki yangu, na haki yangu hainipi usingizi.

Padi nikaziosha mwenyewe. Nilikuwa na haraka, nikachukua sabuni ya unga, nikazikamua kama tambara, nikazitupa juu ya bati kwenye jua, uso juu. Zilikauka haraka, sifa hiyo nazipa. Nywele zikalala zote kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe. Bluu ilibaki ndani, ikaingia kwenye manjano yangu, nikapata kijani cha ugonjwa. Nikaziosha tena. Zikanuka. Niliharibu vitambaa vidogo vitano kimoja baada ya kingine, na cha tano nilikitupa ukutani. Nilikaa na ile padi mukononi, nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Zimenishinda! Ule uongo niliomupa baba umekuwa kweli.

Siku ya ine ya wiki, jioni, jua likiwa bado liko juu ya maji, nilienda kwenye kanyumba kake. Alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni. Nilipiga magoti, nikaweka kisanduku mbele yake.

"Papa, pardon. Nilikuongelea vibaya, tena mbele ya mutu. Uso chini nilisema mimi. Sikusema chini ya nini."

Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Padi zimenishinda."

"Ulisemaka vile zamani, madame."

"Zamani nilikudanganya. Leo ni kweli."

Aliniangalia sana. Nikafikiri, basi, nimemaliza kumuharibu, nimemuambia na ule uongo. Akafungua kisanduku. Akanusa.

"Sabuni ya unga."

"Ndiyo."

"Ukakausha wapi?"

"Juu ya bati."

"Ku jua! Aka!" Akaipapasa kwa kidole, nywele zile zilizolala, na uso wake ulikunjamana kama mutu anayeona jeraha la mutoto. Akafunga kifuniko. "Nimesha ambia mwenye bwato. Bwato inaenda kesho."

Nikasimama, nikatoka. Niliacha kisanduku pale.

Asubuhi niliamka mapema kumupelekea chai. Mulango uko wazi. Kitanda kimetandikwa. Musumari nyuma ya mulango mutupu, hakuna mufuko, hakuna koti.

Chai niliimwaga, sijui wapi. Nilikimbia mpaka bandarini na kanga imelegea, watu wananiangalia. Bwato ilikuwa imekwisha kutoka, iko mbali, vichwa vinaonekana kama mbegu. Nilipiga kelele, ni ujinga, nani anasikia kwa injini ile? Nilimuuliza muchuuzi wa maandazi kama ameona muzee mwenye mufuko wa mistari. Akasema wazee walikuwa wengi, mifuko yote ina mistari. Nikarudi kando ya maji, nalia kwa sauti, najiita majina. Pumzika! Nani alinipa neno lile?

Nilimukuta mahali petu pa kuoshea, chini ya nyumba, ambapo sikuwa nimepita kwa kuwa nilikimbia njia ya juu. Amechutama, amevaa koti, mabega yanasogea. Anachana padi kwa mswaki.

Ule mufuko ulikuwa umelala juu ya muchanga. Ameupasua, upande huu mpaka ule, ameutandika wote kama mukeka, na mawe kwenye kona tatu. Juu yake amepanga matete, yameachiana nafasi, na juu ya matete padi ya kwanza imelazwa, uso chini, maji yanachuruzika. Kisu cha kazi kiko karibu na muguu wake.

Nilisimama pale na machozi yangu. Hakugeuka.

"Muchanga unakula mupira," akasema. "Ilihitaji kitu ya kuweka chini."

"Na nguo zako, Papa?"

"Nilizirudisha chini ya kitanda." Akakung'uta mswaki. "Ile jani, mishipa utaishona na sindano. Bata haina mishipa ya uzi. Na sabuni ya unga, nikiiona tena mu hii nyumba, mama, tutagombana."

Mufuko ulikuwa ni ule mumoja tu, hana mwingine. Alikuwa ameukata kwa mikono ile, na mukato wake ulipinda huku na huku kutoka juu mpaka chini. Kona ya ine haikuwa na jiwe, upepo ulikuwa unaiinua. Nikakaa chini, nikaishika.